Kumfunga Kemunto Garini

Kiti, hospitali, mafuta na dawa, ukiviweka pamoja, ni shilingi laki moja, elfu arobaini na mia sita. Nimejumlisha mara mbili, mara ya kwanza nikishuka na mara ya pili nikipanda, vile ninavyohesabu mikungu ya ndizi ikiteremshwa. Ng'ombe tuliyemuuza sikumtia humo kwa sababu aliyemnunua aliniona nimebanwa, akanipunja, na ile bei sitaki kuiandika popote. Na binti yangu Kemunto hamezi tena. Hilo nalo liko nje ya jumla. Sijui ningeliandika kwenye safu gani.

Naandika haya kwa sababu ya benchi moja kule hospitali ya Longisa, nje ya chumba cha mazoezi ya viungo. Kila Alhamisi ya pili tunaketi pale, wazazi na watoto ambao shingo zao hazisimami, na kila mara mzazi mgeni huniuliza, "Wewe humleta vipi? Humshika ama humfunga?" Huwa namjibu vipande vipande, mlango unafunguliwa, jina linaitwa, tunaachana nikiwa sijafika mahali penyewe. Sasa nimeandika mpaka pale penyewe.

Mimi ni mchuuzi wa ndizi. Baba yangu alitoka Kisii akaja kuchuna chai katika mashamba makubwa ya Kericho, nami nikazaliwa katika nyumba za kambi, nikaoa Mkipsigis, nikajenga Sosiot. Nikienda kwetu naitwa mtu wa Kericho. Sosiot naitwa yule Mkisii wa ndizi. Sijawahi kulalamika, ndizi huuzika kwa jina lolote. Nina gari, Probox nyeupe iliyochoka kwa heshima. Nyuma hubeba mikungu na viti vyake hubeba familia, na kwa miaka mingi sikuona tofauti kubwa kati ya mizigo hiyo miwili.

Kemunto ana miaka tisa. Alipozaliwa alichelewa kulia, na madaktari wakatuambia baadaye ni mtindio wa ubongo, kisha kifafa kikaja juu yake. Maelezo ya ubongo nawaachia wenyewe. Mimi nawaeleza mwili wake ulivyo, maana huo ndio unaoingia garini. Shingo yake ni ya mtoto wa wiki mbili. Mgongo hujikunja mbele kama shuka iliyoanikwa. Miguu hukakamaa na kupishana kama makasi, na ikikakamaa hivyo ghafla huna nguvu ya kuizuia. Neno hakuwa nalo hata moja. Alikuwa na kicheko. Alilipenda kila tuta la barabarani. Nikiachilia mafuta tu, kabla gari halijapanda, tayari alikuwa amevuta pumzi ya kucheka. Kati ya Sosiot na Longisa kuna matuta mengi sana. Nimeyahesabu mara mbili nikapata majibu mawili. Kemunto ndiye aliyeyajua yote.

Mpaka alipofika miaka saba mama yake, Chelangat, alimbeba mgongoni kwa leso, na tukisafiri alimpakata kiti cha nyuma. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Gogo kama wajukuu wake, alituunga mkono kabisa. Anaishi karibu na Longisa, na siku nilipotaja habari ya kumfunga mtoto kwa mishipi aliweka kikombe chini.

"Mtoto mgonjwa umfunge kama mbuzi wa sokoni?"

"Mama, ni kwa usalama wake."

"Usalama ni mikono ya mama yake. Wewe Mkisii endesha gari, huku nyuma tuachie."

Aliyetutoa hapo ni Nafula, mtaalamu wa viungo. Si daktari lakini sote tunamwita daktari. Alianza kumnyoosha Kemunto akiwa Kericho, akahamishiwa Longisa, na sisi tukamfuata, maana mtu akishaujua mgongo wa mtoto wako humwachi kwa sababu ya umbali. Siku moja alitoka nje kutusindikiza, akaona Chelangat anampakata mtoto, akatuambia tungoje. Alirudi na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, umejaa maji karibu na shingo.

"Kemunto ana kilo kumi na nane," alisema. "Huu ni huo uzito. Mama Kemunto, mpe baba mtoto ashike, wewe ingia nyuma upakate mtungi. Ukumbatie kwa nguvu zako zote."

Nilibaki nje na mtoto, Nafula mwenyewe akakaa kwenye usukani. Aliendesha polepole, mwendo wa mtu anayekimbia kukwepa mvua, kisha akakanyaga breki. Chelangat ni mwanamke wa kubeba kuni kilima kizima bila kutua. Mtungi ulimtoka kama sabuni. Ulipita katikati ya viti viwili vya mbele, ukagonga kwenye redio, kifuniko kikaruka, maji yakajaa hadi kwenye viatu vya Nafula.

Hakuna aliyecheka. Nafula alishuka akikung'uta sketi, akasema, "Huyo alikuwa Kemunto."

Alituandikia kwenye karatasi aina ya kiti tunachotakiwa kutafuta: chenye mishipi mitano, miwili ya mabegani, miwili ya nyonga na mmoja katikati ya miguu, na mgongo unaolala kidogo ili kichwa kisianguke mbele. Kipya hatungekiweza, hata yeye alijua. Akasema tutafute vya mitumba.

Hapa ndipo ninapoparuka kila mara nikiwa kwenye benchi.

Nilikipata. Nilikipata wiki ileile, Kericho mjini, nyuma ya soko, kwa mama mmoja mfanyabiashara ambaye hupokea baiskeli za watoto na vigari vya kusukuma kutoka ng'ambo. Kilikuwa na mishipi yote mitano. Nilivuta kila mmoja, nikabofya kifungo, nikakilaza na kukisimamisha. Nikaanza kazi yangu.

"Ngapi hiki, mama?"

"Elfu kumi na nane, babake. Hakijakaliwa hata mwaka."

"Hakijakaliwa kwa nini, kina kunguni?"

"Kunguni wa ng'ambo angekuwa bei juu zaidi. Wewe toa pesa."

"Kumi na mbili."

"Hiyo ni bei ya mishipi. Kiti nitabaki nacho?"

Tulikwenda hivyo, tukicheka, mpaka nikafika kumi na sita na yeye hajatoka kumi na nane. Aliniambia, "Mimi pia nina watoto." Nikamwambia, "Basi kaa nacho," nikageuka, nikaenda zangu.

Kila anayeuza na kununua huku anajua maana ya kwenda zake. Ni sehemu ya bei. Ukifika hatua ya tano muuzaji anakuita. Akiwa mjanja sana, ya nane. Nilihesabu hatua zangu. Zilifika kumi na mbili, na nyuma yangu nikasikia mteja mwingine akiuliza bei ya kigari na yule mama akimjibu kwa sauti ya furaha. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na tisa. Nilizihesabu asubuhi, mara mbili. Tofauti yetu ilikuwa elfu mbili, na ningeweza kugeuka. Lakini aliyegeuka mwenyewe ameshindwa, na mimi sijashindwa soko tangu nikiwa kijana.

Nyumbani Chelangat aliuliza, "Umepata?"

"Hakuna viti," nikasema. "Nitazunguka tena."

Jumanne iliyofuata nilirudi. Yule mama aliniona kutoka mbali akaanza kutikisa kichwa. "Kilienda siku ileile. Si ungerudi? Mimi nilikuwa nangoja ugeuke ili nikupunguzie mia tano."

Nikajitengenezea kiti changu. Najua kufunga vitu. Ndizi zangu husafiri kilomita mia moja na hazitelezi, na siri yake ni blada, ile mikanda ya mpira inayokatwa kutoka kwenye tyubu za magurudumu. Nilikata godoro la sponji, nikaliwekea ubao nyuma, nikaliegemeza kwenye kiti cha nyuma, nikamzungushia Kemunto blada nne: kifuani, tumboni, mapajani, na moja ya kushika ubao. Nikavuta kama ninavyovuta juu ya mikungu. Hakusogea hata kidogo. Nilihesabu mafundo. Manne. Nikahesabu tena. Manne.

Chelangat aliingiza vidole chini ya ile ya kifuani. "Hii haitamkata pumzi?"

"Haiwezi. Ni mpira, inavutika."

"Inavutika mpaka wapi?"

Nilicheka. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu gari, na nililijibu kwa kicheko.

Tulisafiri hivyo karibu mwaka mzima. Kemunto alicheka kwenye matuta yake. Chelangat kwa mara ya kwanza alikaa mbele, akanyoosha mgongo, akaanza hata kusinzia njiani, na mimi nikajiona mume mwema. Tukikaribia geti la hospitali nilisimamisha gari, nikafungua blada, nikazisukuma chini ya kiti, mama yake akampakata mpaka mlangoni. Sikutaka Nafula azione. Mtu anayeficha kitu anajua kwa nini anakificha, hata kama hajajiambia.

Ilikuwa Aprili, mvua imeanza kwa nguvu. Mbele ya Kapkatet trekta la majani chai lilikuwa limetoka kwenye njia ya shamba na kuacha tope jekundu katikati ya lami, kisha likakata kurudi upande wetu. Nilikanyaga breki. Gari likateleza kidogo upande, likanyooka, likasimama. Halikugusa kitu. Nilipima kwa macho, kati yangu na trekta kulikuwa na nafasi ya gari lingine zima. Hata taa haikupasuka. Dereva wa trekta aliinua mkono kuomba radhi akaenda zake, na mpaka leo naamini hajui lolote. Nilipumua, nikamwambia mke wangu, "Umeona breki hizo?"

Yeye alikuwa ameshageuka nyuma.

Mpira ulifanya kazi yake. Ulivutika. Kemunto aliteleza chini, blada ya tumboni na ya mapajani zikamwachilia apite, na ile ya kifuani ikabaki pale ilipokuwa, ila sasa pale palikuwa shingoni. Kisha mpira ukarudi. Nilirukia nyuma kufungua fundo. Mafundo yangu hukaza zaidi yakivutwa, hiyo ndiyo sifa yake, na lile lilikuwa limekaza kama jiwe. Kisu cha ndizi kilikuwa nyuma kabisa, chini ya mikungu. Nilirusha mikungu barabarani.

Nilikata. Alikuwa na rangi ya majivu. Chelangat alimlaza kwenye nyasi za kando, mvua ikimpiga usoni, akampulizia mdomoni kama tulivyofundishwa wakati wa kifafa, na akarudi. Pumzi ilirudi. Nilimpeleka mpaka Longisa mama yake akiwa amemkumbatia, maana hatukuwa na njia nyingine, na daktari wa zamu aliuliza swali moja tu akiwa anaandika:

"Alikosa hewa dakika ngapi?"

Mimi huhesabu kila kitu. Hizo sikuzihesabu.

Tulikaa wodini wiki tano. Wodi ya watoto ina saa yake: asubuhi ni kupimwa joto, saa nne ni madaktari, saa saba ni harufu ya kabichi, jioni ni wageni wanaoleta maziwa kwa mtoto asiyeweza kuyanywa. Kifafa kilimjia mara sita siku moja, kisha tatu, kisha kikatulia. Alama ya shingoni ilikuwa nyeusi, ikawa kijani, ikawa manjano, ikaondoka. Wiki ya pili walijaribu kumpa uji kwa kijiko ukaingia kwenye kifua. Wakampitishia mrija puani hadi tumboni. Tulidhani ni wa siku chache. Nesi aliyetufundisha kuutumia alitufundisha kila kitu taratibu, pamoja na kuubadilisha, na nikaelewa kwamba humfundishi mtu kubadilisha kitu cha siku chache.

Uso wake ulikuwa umelala. Sijui niuelezeje vingine. Macho yalikuwepo, yalitufuata, lakini kile kilichokuwa kinavuta mashavu juu hakikuwepo.

Siku moja Chelangat alikuwa anafua nguo za mtoto kwenye karai nje ya wodi, mimi nasuuza. Nikamwambia, "Kiti kilikuwepo."

"Kiti gani?"

"Kile cha mishipi mitano. Kericho. Nilikipata wiki ileile."

Aliendelea kufua. "Kikawa bei gani?"

"Kumi na nane. Nikasema kumi na sita. Nikaondoka ili aniite."

"Hakukuita."

"Hakuniita."

Alikamua fulana ya Kemunto mpaka tone la mwisho. "Elfu mbili," alisema. "Elfu mbili ni mikungu mingapi?"

"Minne."

"Minne," akasema, akaitundika fulana kwenye kamba, akaingia ndani. Hatukuongea tena mambo ya nyumbani mpaka mwezi wa sita. Tuliongea joto, dawa, na mrija.

Tuliporuhusiwa hakurudi Sosiot. Alikwenda na mtoto kwa Gogo, ambako kutoka nyumbani mpaka hospitali ni mwendo wa kutembea ukimbeba mtoto. Aliniambia wazi: "Gari lako hatapanda." Nikarudi peke yangu. Mwezi wa saba ukaja na baridi yake na mvua ya mawe iliyotoboa majani ya chai na migomba yote, yangu na ya jirani. Nililala kwenye nyumba yenye kitanda cha mtoto kilichokunjwa. Kila Jumamosi baada ya soko nilikwenda Longisa na maziwa.

Mara ya kwanza nilifika nikiwa nimejiandaa kwa Gogo. Nilijua ameshaambiwa kila kitu, na nilijua mdomo wake. Nilimkuta anachuja uji wa wimbi kwa kitambaa, mara tatu, ili usizibe mrija. Hakuniangalia.

"Mimi ndiye niliyesema asifungwe," alisema. "Kama mngeanza mapema na kitu cha maana, mngekuwa mmezoea. Nilikudharau mbele ya mke wako."

"Mama, fundo lilikuwa langu."

"Najua ni lako. Nakuambia lililo langu." Kisha akanisukumia kiti. "Kaa ule. Mkisii mwembamba hivi atauza ndizi gani?"

Nilikula nikilia, na yeye akajifanya anachuja uji.

Kwa Nafula nilikwenda mwenyewe, nikamweleza habari ya blada na jinsi nilivyozificha getini. Nilitaka anifokee. Alisema tu, "Ungenionyesha siku ya kwanza," akaandika namba ya nyumba huko Kabianga. Kulikuwa na familia ya mwalimu wa chuo, alisema, waliokuwa na mtoto kama wetu. Wana kiti. Aliposema "waliokuwa" alinitazama kuhakikisha nimesikia.

Nilikwenda mwezi wa nane. Mama wa nyumba alinipokea, akanipa chai, akanipeleka kwenye chumba ambacho mapazia yake yalikuwa yamefungwa. Kiti kilikuwa kimefunikwa shuka safi. Alipoifunua niliona sponji ya mgongoni imebonyea upande mmoja, mtoto wao alikuwa akiegemea kulia. Mishipi ilikuwa imerekebishwa kwa urefu wa mtu fulani.

"Mimi sijui kuuza," alisema. "Elfu kumi ni nyingi?"

Kwa miaka ishirini na zaidi nimengoja mtu aanzie bei chini hivyo. "Ni kidogo, mama," nikasema. "Ongeza."

"Niongeze?"

"Ongeza."

"Kumi na mbili, basi."

Nilimhesabia kumi na nane mkononi. Alisema ni nyingi mno, nikamwambia hiyo ndiyo bei ya kiti hiki, ninaijua vizuri. Akaniomba dakika moja. Niliingia kwenye korido, na kupitia mlango nikasikia vifungo vikifunguliwa kimoja kimoja, mishipi ikilegezwa. Hakutaka nikichukue kikiwa kimefungwa kwa kipimo cha wake.

Sasa niwaambie tunavyofanya, kwa sababu ndiyo mliyoniuliza. Nafula alikifunga yeye mwenyewe kwenye uwanja wa hospitali, goti lake likiwa ndani ya kiti ili kizame, na akakishika kwa ukanda wa nyuma pia, ule unaozuia kiti kisiruke mbele. Ukikitikisa, gari ndilo linalotikisika. Mishipi ya mabegani inaanzia usawa wa bega. Ya nyonga inapita kwenye mfupa, chini kabisa, isikae tumboni. Ule wa katikati ya miguu ndio unaozuia kuteleza, na ndio ambao mimi kwenye blada zangu sikuwa nao. Ukimaliza, jaribu kubana mshipi hapo begani kwa vidole viwili kama unayefinya. Ukipata kitu cha kufinya, umelegea. Taulo zilizokunjwa ziko kando ya kichwa, si nyuma yake. Mrija tunaubandika shavuni na kuupitisha nje ya mishipi, na uji haupewi kabla tu ya safari.

Na sweta hutolewa. Hili liligombanisha watu. Gogo alimfumia sweta nene kama blanketi, na huku kwetu asubuhi yoyote ina baridi. Nafula akatuonyesha: ukifunga juu ya sweta, umefunga sweta, na mtoto anabaki ana nafasi ndani yake. Funga kwanza, kisha mfunike. Gogo aliliangalia lile sweta mkononi mwake, akasema, "Basi nitafuma shuka."

Kiti kilikuwa tayari na Kemunto hakukitaka. Hakuwa na sauti ya kulia tena, lakini nikifungua mlango wa gari tu, miguu ilipishana, vidole vikajikunja, na machozi yakashuka pembeni yakalowesha ile plasta ya mrija. Mtoto aliyekuwa akicheka kabla ya tuta. Nafula alisema tusiende popote. Tumketishe ndani ya gari lililozimwa, dakika tano, tumtoe. Kesho tena.

Kwa hiyo kuanzia Septemba, kila nilipokuwa Longisa, mimi na Chelangat tulikaa kwenye Probox iliyosimama chini ya mkaratusi wa Gogo. Yeye nyuma na mtoto, mimi mbele na mikono mapajani. Siku za mwanzo hatukuongea. Kisha tukaanza kuongea, kwa sababu dakika tano ni ndefu. Jirani alipita na ng'ombe wake, akauliza, "Baba Kemunto, gari limekwama?"

"Limefika," nikasema.

Chelangat alicheka puani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili, na nilitazama mbele nisije nikaiharibu.

Tukafika dakika kumi, tukawasha injini, tukaenda mpaka getini na kurudi. Novemba tulikwenda hospitali kwa gari. Desemba, siku za barafu ile nyeupe ya asubuhi inayounguza chai, walirudi Sosiot. Chelangat hakai tena mbele. Anakaa nyuma, mkono wake uko juu ya kifungo, na akiwa amechoka sana bado mkono uko pale. Kemunto halii tena akiona mlango. Kwenye matuta hutazama dirisha. Napunguza mwendo kwenye kila moja, hata yale madogo, na hakuna kinachotokea nyuma yangu.

Alikuwa amekonda mpaka kilo kumi na tano. Uji wa Gogo, maziwa na parachichi laini kama maji vilimrudisha polepole. Mwezi uliopita nesi alimpima, akaangalia, akampima tena, akapiga makofi.

"Ishirini na moja na robo! Kemunto, mama! Ishirini na moja na robo!"

Benchi zima lilipiga makofi. Mzazi mmoja alishukuru kwa Kikipsigis, "Kongoi!" kana kwamba ni mtoto wake. Mimi nilikuwa nahesabu.

Tukiwa njiani Chelangat alisema kutoka nyuma, "Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Nimekuona. Mtoto amenenepa na wewe umekunja uso kama umeuziwa ndizi zilizooza."

"Bado robo tatu," nikasema.

"Robo tatu ya nini?"

"Kiti kinabeba kilo ishirini na mbili. Imeandikwa ubavuni. Na mabega yameshafika kwenye tundu la juu la mishipi."

Tukapita Sotik. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimpunguzie uji?"

"Hapana."

"Sema vizuri."

"Hapana, Mama Kemunto. Usimpunguzie."

"Basi tafuta. Na ukikipata, usiondoke hapo."

Nimetafuta. Kericho, Bomet, hata Kisii. Viti vya mishipi mitano nilivyoviona vyote ni vya watoto wadogo. Viti vya wakubwa hutegemea mshipi wa gari, na huo kwa Kemunto unapita palepale shingoni, na siwezi hata kuujaribu, mikono yangu inakataa. Nafula anasema ziko fulana za mishipi zinazofungwa kwenye kiti cha gari, ila hajawahi kuishika moja. Wengine wananiambia kiti cha magurudumu, nami sijaona kikifungwa ndani ya gari dogo kikakaa.

Kwa hiyo nawauliza mliotutangulia. Kama mtoto wako amezidi kilo ishirini na mbili, hakai mwenyewe, kichwa chake kinaanguka upande, ana mrija, na bado mnasafiri, anakaa kwenye nini? Mishipi inapita wapi mwilini? Ni nani aliyeifunga, na umeipima kwa breki? Kama umejitengenezea kwa kamba au kwa mpira, tafadhali usinieleze namna ya kuifanya, nieleze namna nitakavyokushawishi uiondoe leo.

Kliniki yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo, na siku hiyo anapimwa tena. Ukitukuta kwenye benchi, mimi ni yule wa ndizi. Kaa karibu, hata kama jina linaitwa. Amebakiza robo tatu ya kilo, na mimi na mama yake tumekubaliana aendelee kula. Niambieni tumbebe na nini.